Fidla Niliyoiuza Siku ya Mavuno

Mimi Projestus, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, nimeuza vitu vingi kwenye mnada wa kanisa letu huku upande wa Izimbya. Nimeuza jogoo aliyeniponyoka akapanda juu ya paa la ofisi ya mchungaji, nikamuuza hukohuko juu. Nimeuza yai moja mara sita. Lakini watu hawanikumbuki kwa hayo. Wananikumbuka kwa fidla ya Kokushubila, na kwa kuwa siku hizi hata watu wa Muleba ambao hawakuwepo wanaisimulia habari hiyo, tena vibaya, nimeona niiandike mwenyewe. Sisi Wahaya tunasemwa kwamba tunapenda kujieleza. Ni kweli, na mimi nimefundisha miaka thelathini na minne, kwa hiyo tulia nikueleze.

Kokushubila, ambaye wote tunamwita Koku, ni mtoto wa pekee wa jirani yangu Alistidia. Kibanja chao cha migomba na changu vinatenganishwa na njia ya miguu tu. Baba yake, marehemu Rugaibula, alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Alipofika darasa la nne mama yake akampeleka Buhembe kwa shangazi yake ili asome mjini, kwa kuwa aliamini kwamba shule yetu ya kijijini haifai. Mwalimu wa shule hiyo nilikuwa mimi. Nimekwisha kumsamehe.

Akitumwa sokoni, Koku alipita kwenye kibaraza cha Hamidi, fundi cherehani wa pale Bukoba mjini. Babu yake Hamidi alitoka Tanga na cherehani moja na fidla moja, na vyote viwili bado vinafanya kazi. Wateja wakipungua mchana, Hamidi alipiga fidla. Jumamosi alipiga taarabu kwenye harusi za mjini. Koku alisimama kusikiliza siku ya kwanza, akasimama siku ya pili, na siku ya tatu Hamidi akamwuliza, "Wewe binti, umetumwa unichunguze au umepotea njia?" Koku akasema anataka kuishika. Hamidi akamwambia akanawe kwanza, maana vidole vilikuwa vinang'aa kwa mafuta ya senene wa kukaanga.

Ikawa hivyo miaka mitatu, na shangazi mtu akidhani mtoto yuko masomo ya ziada. Alistidia alipopata habari alishuka mjini na mwamvuli mkononi, amedhamiria kumpiga nao Hamidi. Alipofika akamkuta binti yake anapiga wimbo wa kanisani kwenye kibaraza cha Mwislamu, na Mwislamu anamsahihisha. Akakaa kwenye benchi la wateja akasikiliza mpaka mwisho. Alirudi nyumbani bila kumpiga mtu, na gauni lake likiwa limepunguzwa kiuno bure.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwalimu wa kujitolea kutoka Uswidi alimsikia Koku sekondari, akaandika barua kwao, na binti akaondoka akiwa na miaka kumi na saba. Akasoma, akashinda mashindano makubwa, akaanza kuitwa huku na huku. Leo ni mmoja wa wale wanaosimama peke yao mbele ya okestra ya watu themanini, yeye anapiga na wao wanamsindikiza. Amepiga Stockholm, Leipzig, Seoul na Buenos Aires. Ukifikiri kwamba anastarehe, umekosea. Anafanya mazoezi saa tano kila siku, hata Krismasi, hata penye msiba. Kabla ya onyesho hali kitu ila ndizi mbivu moja, na hukumbatia chupa ya maji ya moto ili vidole visikakamae. Kuna mwaka alilala kwenye kitanda chake mwenyewe siku arobaini na moja tu. Nyingine zote ni ndege na hoteli.

Mama yake alikuwa akiyaona haya yote kwenye simu. Koku akituma video, Alistidia alinijia nimfungulie, tukaangalia pamoja tukitafuna punje za kahawa.

"Ta Projestus," aliniuliza mara ya kwanza, kwa lile "Ta" letu la kumheshimu mzee, "mbona wenzake wote wamekaa, yeye amesimama? Hawakumpa kiti?"

Nikamweleza kwamba anayesimama ndiye mkubwa.

"Na yule mzee mwenye kijiti, mbona hapigi kitu?"

Hilo sikuweza kumweleza, nikasema labda ni msimamizi. Alistidia akatikisa kichwa kwa kumhurumia.

Sasa nikuambie shida yake ilikuwa wapi. Kila mwaka tuna Sikukuu ya Mavuno. Kila familia inapeleka mbele ya madhabahu kazi ya mikono yake: mikungu ya ndizi, maharage, kahawa, kuku, mbuzi. Kilichopita ngazi ya madhabahu kimekwisha kutolewa, si chako tena. Ibada ikiisha, tunavitoa nje na mimi ninavinadi. Mnunuzi anaweza kuondoka na kitu chake, anaweza kukirudisha kiuzwe tena, au anaweza kumzawadia mtu mbele ya wote. Kwa njia hiyo yai moja hulisha kanisa. Lisilowezekana ni moja tu: mtoaji kununua alichotoa. Hiyo kwetu ni aibu kubwa, na sijawahi kuona mtu akijaribu mara mbili.

Na siku hiyo ndiyo watoto walioko mbali huonekana. Vestina, kiongozi wa wahudumu wa kanisani, mwanawe Aristides yuko Dar es Salaam, na kila mavuno analeta ndama, au mabati, au mifuko ya saruji, na mama mtu hutangulia mbele kama anafungua barabara. Alistidia alikuwa na mkungu wake mmoja. Kisha wenzake humwuliza, kwa upole ule unaochoma, "Na Koku wetu? Bado anacheza muziki?" Miaka kumi na moja hakuwahi kuwa na mtoto wa kusimama naye siku ya mavuno. Hakuwahi kunilalamikia, ila nilimwona Jumapili hizo akitoka mapema kupitia mlango wa pembeni. Iliniuma, na nasema wazi kwamba iliniuma.

Mwaka juzi Koku akaja. Alikuwa na onyesho Nairobi na jingine Tokyo, katikati akapata siku nne. Alitua Bukoba Ijumaa na kasha la fidla mgongoni. Kasha hilo hakuliweka chini. Alikula nalo, alikwenda nalo kisimani, na mama yake akauliza kama lina mtoto ndani. Mimi nilijua kwa nini, maana alininong'oneza. Fidla ile si yake. Ni mali ya taasisi moja ya Ujerumani, ilichongwa Italia kabla mmisionari wa kwanza hajatia mguu Bukoba, na yeye ameazimwa tu. Nikamwuliza thamani yake. Akaniambia. Nikatafuta jiwe nikakaa. Kwa fedha ile ungejenga kanisa, nyumba ya mchungaji na zahanati, na bado ungebaki na ya kufanyia sherehe ya ufunguzi.

"Ikipotea?" nikauliza.

"Ikipotea, Mwalimu, hakuna atakayeniazima nyingine. Nitarudi kulima na Mawe," akasema, yaani mama yake kwa Kihaya.

Jumapili ilikuwa mavuno. Koku alipiga katikati ya ibada, kipande kirefu kisicho na maneno. Nilikuwa nimejiandaa kuvumilia, lakini nililia, mimi mzee mzima, kwa sauti. Katikati yake mama mmoja akapiga kigelegele, na Koku, ambaye kwenye kumbi zake mtu akikohoa tu anatazamwa vibaya, akatabasamu na kuendelea. Alipomaliza akairudisha fidla kwenye kasha, akageuka kutafuta pa kukaa. Kwaya ilikuwa imejaza benchi lake. Vestina akamwashiria akae nyuma, huko kulikobanana, na kasha lile lisingepita.

Basi Koku akafanya alilolifanya. Alipanda ngazi moja, akaliweka kasha karibu na madhabahu, kati ya maboga na mkungu wa mama yake. Baadaye alinieleza alivyofikiri: amepiga kwenye kumbi zenye walinzi na kamera, lakini duniani kote hakuna mahali salama kama mbele ya madhabahu ya kwao. Alikuwa sahihi kabisa, ila alikuwa ametusahau. Kanisa zima lilimwona. Mchungaji alipobariki mavuno, alipitisha mkono juu ya kasha lile akakaa nalo muda mrefu kuliko mbuzi ambaye Aristides alimleta mwaka huo.

Ibada ikaisha. Koku akazingirwa na wazee wa kike, na unajua salamu zetu: habari za nyumbani, za safari, za waliofariki, za mvua. Huwezi kumkatiza mtu. Huku nyuma vijana wakatoa vitu nje, na mimi nikaanza kazi. Nikauza kuku wanne, nikauza maharage, nikauza mbuzi. Kisha wakanipa kasha.

Mnaweza kuniuliza kama sikukumbuka maneno ya Ijumaa. Nilikumbuka! Lakini nilijiambia, huyu binti alinieleza thamani, kisha nimemwona kwa macho yangu anapanda ngazi na kuitoa. Labda Mungu amesema naye, labda amemalizana na Wajerumani. Nani angethubutu kumwuliza mtu kama kweli anamaanisha sadaka yake? Nikafungua kasha, nikaishika shingoni kama ninavyoshika kuku, nikainyanyua juu.

"Kazi ya mikono ya Kokushubila!" nikatangaza.

Watu wakanyoosha shingo kutazama. Kisha Alistidia akapiga kigelegele ambacho sijakisikia tangu harusi yake. Akatoka katikati ya watu akicheza, mama wa miaka sitini na nane, mikono juu, na wenzake wote wakamfuata, Vestina naye yumo, hana jinsi. Wakati huohuo Koku akatokea kwenye kona ya jengo. Akaiona fidla mkononi mwangu. Akafungua mdomo. Na kabla hajatoa sauti, mama yake akamfikia, akamkumbatia, akamshukuru mbele ya wote kwa Kihaya, "Kasinge, mwana wange! Leo umenifuta machozi."

Koku akafunga mdomo. Akanitazama juu ya bega la mama yake, na hapo nikajua nimefanya nini. Nikisema ni makosa, Alistidia anaaibika mbele ya kijiji kizima, na binti yake anaitwa mtu aliyemnyang'anya Mungu. Nisiposema, binti anapoteza fidla, na pamoja nayo kila alichokitafuta tangu kibaraza cha Hamidi.

Nikaona nifanye ujanja. Nikataja bei ya chini, bei ya kuku, nikaanza kuhesabu haraka, "Mara ya kwanza, mara ya pili," nikimkonyeza Koku. Akanyoosha mkono.

"Hapana, hapana!" akasema Vestina. "Mtoaji hanunui. Ta Projestus, umezeeka mpaka umesahau?"

Na Aristides akiwa ameegemea gari lake akasema, "Ongeza hapo, Mwalimu. Nitaitundika sebuleni, juu ya televisheni."

Nikamwona Koku anashika ukuta. Bei ikapita mbuzi. Mtu mmoja akajaribu, akaacha. Aristides alikuwa anatafuna bazoka na hana wasiwasi wowote, na mimi nimeshatamka mara ya pili kwa sauti nyembamba kama ya mgonjwa, ndipo nikasikia kutoka langoni, "Bado!"

Alikuwa Hamidi. Nilisahau kusema kwamba siku hizi uzee umempunguzia ushonaji, na kila msimu wa mavuno anakuja na pikapu ya mpwa wake kununua ndizi kwenye minada ya makanisa, kwenda kuuza mjini. Alikuwa amekaa juu ya mkungu mmoja wa ndizi, kofia ikiwa imemwelemea upande. Akapandisha bei. Aristides akapandisha. Hamidi akapandisha tena, akamwambia mpwa wake ateremshe ndizi zilizokwisha kupakiwa kwa mkopo, ili fedha yote iende kwenye fidla. Bei ikafika ya ndama. Aristides akacheka, akasema, "Shikamoo mzee, unataka kuifanyia nini?" Hamidi akajibu kwamba anataka kuipigia panya. Watu wakacheka, na kwa kuwa walicheka upande wa mzee, Aristides akaona kuendelea ni kukosa heshima. Nikahesabu mara ya tatu kwa kasi ambayo sijawahi kuitumia tena.

Hamidi akaja mbele akaipokea. Hakuishika shingoni, aliilaza mkononi, akaitazama tumboni na mgongoni, akashusha pumzi. Alijua ameshika nini kuliko sisi sote. Sote tukadhani atampa Koku. Badala yake akapita katikati ya watu, akasema kwa Kihaya chake cha mjini na kumalizia kwa Kiswahili ili asikosee, "Nimenunua mimi. Nampa Alistidia, mama wa mpigaji. Iwe mali yake."

Vigelegele vikaanza upya. Nilipomlaumu baadaye alinijibu kwa hasira kidogo. "Ningempa Koku, mngesema tumepanga. Na yule mama, Mwalimu, wewe ni jirani yake. Umewahi kumwona akipewa kitu?"



Alistidia akaibeba fidla mwenyewe mpaka nyumbani, akaingia nayo chumbani, akafunga kwa kufuli. Jumatatu asubuhi ikapita. Ndege ya Koku ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi. Jumatatu hiyo alasiri akanijia amevimba macho, akaniomba niende naye kwa mama yake, nimsaidie kueleza. Nilikwenda kwa sababu kosa lilikuwa langu pia, ingawa njia nzima nilikuwa nikimweleza kwa nini lilikuwa lake zaidi.

Tulimkuta Alistidia amekaa kwenye mkeka, kasha liko mapajani. Alikuwa analipangusa kwa khanga.

"Mawe," Koku akaanza, akapiga magoti. "Ile fidla..."

"Ulikuwa hujaitoa," akasema mama yake. "Najua."

Tukatazamana mimi na Koku.

"Nilikuona ulipotokea kwenye kona. Mimi ndiye niliyekuzaa, nitashindwa kuusoma uso wako? Nikajua mtoto amesahau mambo ya kwao. Nikakimbia nikakushika, nikasema maneno yale kwa nguvu ili usiseme lolote."

"Mawe! Kwa nini?"

Alistidia aliendelea kupangusa. "Nilitaka saa moja tu," akasema. "Miaka kumi na moja, Koku. Saa moja tu na mimi niwe na mtoto aliyeleta kitu. Nilijua ni dhambi. Nikasema nitaitubu Jumatatu."

Nimesimamia misiba mingi, lakini sikujua pa kuweka macho. Koku alilala kifudifudi kwenye mkeka, akalia kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo, kwa kwikwi. Alieleza mambo ya taasisi, ya Wajerumani, ya Tokyo. Mama yake alimsikiliza yote, hata yale ya Kiingereza.

"Basi hao Wajerumani ni wao na mimi ni mimi," akasema hatimaye. "Mzee Hamidi alinipa mbele ya watu. Siwezi kukunyima, ukapige kazi yako. Ila nakuazima. Mavuno yajayo uirudishe hapa, niione kwa macho, ukiwa umeishika wewe."

Koku akajifuta uso. "Mavuno yajayo nina maonyesho Vienna, Mawe. Yamepangwa tangu mwaka jana. Watu wameshanunua tiketi."

"Haya," akasema Alistidia kwa upole kabisa, akalivuta kasha likamgusa kifua. "Siku utakayopata nafasi utaikuta."

Nilitaka kucheka, nikaona si mahali pake. Kuku mmoja aliingia akatoka. Koku alimwangalia mama yake kwa muda, ile mikono iliyopasuka kwa jembe imelizunguka kasha. Kisha akatoa simu, akatembea mpaka mlangoni palipo na mtandao, akazungumza Kijerumani. Mtu wa upande wa pili alipiga kelele mpaka nikamsikia nilipokaa. Koku alirudia neno moja mara tatu, na hata mimi nisiyejua lugha ile nilielewa kwamba ni hapana. Akarudi akakaa mkekani.

"Nimewaambia wa Vienna watafute mwingine," akasema. "Nitakuwa hapa."

Alistidia akamtazama usoni kuhakikisha. Kisha akaachia kasha, mkono mmoja kwanza, halafu wa pili.